Mhandisi mwandamizi wa prosesa anayefanya kazi Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimehakiki prosesa kwa miaka mingi, kwanza nikiwa Ulaya na sasa nikiwa hapa nyumbani Lubumbashi. Kila ninapozungumza na wanafunzi wa Kasapa, kampasi ya chuo kikuu chetu, au na wazazi wao, au na wahandisi wanaotoka migodini, maswali huwa karibu yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyapa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine.

## Misingi

1. Prosesa ni nini, na kuibuni ni kufanya nini hasa?

Prosesa ni saketi inayosoma maagizo kutoka kwenye kumbukumbu na kuyatekeleza: jumlisha namba hizi mbili, leta namba ile, linganisha, ruka uende pale. Imejengwa kwa transista, ambazo ni swichi ndogo mno zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista takriban 2,300. Chipu ya M1 ya Apple, iliyotoka mwaka 2020, ina bilioni 16.

Hakuna mtu anayechora transista bilioni 16 kwa mkono. Mbunifu huandika tabia ya saketi kwa lugha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Verilog au VHDL, kisha programu huyageuza maandishi hayo kuwa milango ya mantiki (vikundi vidogo vya transista) na nyaya, na kiwanda huchapisha mchoro huo juu ya kisahani cha silikoni. Kinachobaki kwa binadamu ni kuamua: maagizo yapite hatua ngapi, kumbukumbu ya karibu (cache), ile ndogo ya haraka iliyo ndani ya chipu, iwe kubwa kiasi gani, na lipi lifanyike wakati mmoja na lipi.

Maamuzi hayo yamebanwa na maumbile yenyewe. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde, na ndani ya pigo moja hata nuru husafiri sentimita 10 tu, kama upana wa kiganja. Umeme ndani ya nyaya nyembamba za chipu ni wa polepole zaidi ya nuru, kwa hiyo mahali pa kuweka kitu ni sehemu ya ubunifu sawa na jinsi kinavyofanya kazi.

2. Kazi hii inatofautianaje na kuandika programu?

Ukiikodolea macho skrini yangu utaona maandishi yanayofanana na programu, na ndiyo maana watu huchanganya. Tofauti ya kwanza ni kwamba mistari ya programu hutekelezwa kwa zamu, ilhali mistari ya saketi huwa hai yote kwa pamoja, katika kila pigo la saa, na anayeanza huchukua miezi kabla akili yake haijazoea hilo.

Tofauti ya pili ndiyo iliyoiumba taaluma nzima. Mwandishi wa programu akikosea Jumatatu, hutuma marekebisho Jumanne. Mchoro wa prosesa ukishapelekwa kiwandani, silikoni hurudi baada ya miezi mitatu au zaidi, na gharama ya kurudia hulipwa na kampuni nzima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muda wetu hutumika kutafuta makosa kabla mchoro haujaondoka, na katika timu nyingi wahakiki ni wengi kuliko wabunifu.

3. "Mhandisi mwandamizi" maana yake nini? Ni miaka, au ni cheo?

Miaka husaidia, lakini nimefanya kazi na watu wa miaka 15 ambao bado hupewa kazi kipande kwa kipande, na pia na dada mmoja aliyeaminiwa sehemu nzima ya prosesa baada ya miaka 6.

Mwandamizi ni mtu anayekabidhiwa sehemu, tuseme kumbukumbu ya karibu au kitengo cha kugawanya namba, na kuwajibika nayo tangu ikiwa aya mbili za maelezo hadi chipu inaporudi na kuwashwa. Anaamua mambo ambayo ukweli wake utajulikana mwakani. Anaandika sababu za uamuzi wake ili mwingine aweze kumpinga. Na siku ya kutia sahihi ili mchoro uende kiwandani inapofika, wakati kila mtu ana haraka, yeye ndiye anayeruhusiwa, na anayetakiwa, kusema "bado" kama ana shaka yenye hoja. Mishahara ya waandamizi hununua hasa neno hilo moja.

## Kazi yenyewe

4. Siku yako ya kazi huendaje?

Asubuhi ninasoma matokeo ya majaribio yaliyoendeshwa usiku kucha kwenye seva. Maelfu yamepita, machache yameanguka. Ninachukua lililoanguka, ninafungua mchoro wa mawimbi unaoonyesha kila waya ulikuwa 0 au 1 katika kila pigo, na ninarudi nyuma kutoka mahali kosa lilipoonekana hadi mahali lilipozaliwa. Kati ya sehemu hizo mbili panaweza kuwa na mapigo elfu kumi. Kazi hii inafanana sana na kufuata maji ya bomba lililopasuka chini ya barabara: dimbwi limetokea hapa, lakini tundu liko mbali.

Mchana ni mikutano na kusoma kazi za wadogo zangu. Saa zilizobaki ninaandika, na simaanishi Verilog: maelezo ya sehemu, mipango ya uhakiki, maswali kwa wabunifu. Anayechukia kuandika sentensi kamili atapata shida kupanda katika kazi hii.

5. Kwa nini msijaribu kila kitu, ili makosa yaishe?

Kwa sababu haiwezekani, na hesabu yake ni rahisi. Saketi ya kujumlisha namba mbili za biti 64, yaani tarakimu 64 za 0 au 1, ina michanganyiko 2 kwa kipeo cha 128 ya namba za kuingiza, yaani zaidi ya 3 ikifuatwa na sufuri 38. Ukijaribu bilioni moja kila sekunde, umri wote wa ulimwengu, takriban miaka bilioni 13.8, hautatosha, na hiyo ni saketi moja ya kujumlisha isiyo na kumbukumbu yoyote ndani yake.

Kwa hiyo tunatumia njia tatu pamoja. Tunaandika majaribio ya makusudi kwa hali tunazozijua kuwa hatari. Tunatengeneza maagizo ya kubahatisha kwa mamilioni, tukilinganisha prosesa yetu na kielelezo kinachotekeleza maagizo hayohayo kwa njia rahisi. Na kwa sehemu ndogo zenye hatari kubwa tunatumia uthibitisho wa kihisabati, ambapo programu huonyesha kwamba kosa fulani haliwezi kutokea kwa mchanganyiko wowote. Kujua njia ipi iende wapi hakufundishwi vizuri darasani.

6. Toa mfano wa jambo ambalo mwandamizi huliona na mwanagenzi hulipita.

Nitatoa miwili, kwa kuwa swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Wa kwanza ninautumia katika usaili: prosesa ikiambiwa igawanye namba kwa sifuri, ifanye nini? Wengi hujibu "itoe kosa" na kuendelea. Katika prosesa za x86, zile za kompyuta nyingi za mezani, ndivyo ilivyo, kazi husimamishwa na mfumo hujulishwa. Katika ARM ya biti 64, familia ya prosesa za simu nyingi, jibu ni 0, na hakuna anayejulishwa. Katika RISC-V (swali la 10) hakuna kusimama pia, lakini jibu ni namba yenye biti zote 1, na baki ni ile namba iliyokuwa inagawanywa. Mifumo mitatu, majibu matatu, na yote ni sahihi kwa sababu yote yameandikwa. Msailiwa ninayemtaka ni yule anayeniuliza, kabla ya kujibu: "Maelezo yanasemaje?"

Wa pili ni foleni. Chukua foleni, yaani sehemu ya saketi ambamo data husubiri zamu, yenye nafasi 8, yenye kiashiria cha kuingizia na kiashiria cha kutolea, kila kimoja biti 3. Mwanzoni vyote viwili ni 0 na foleni ni tupu. Ingiza vitu 8 bila kutoa hata kimoja: kiashiria cha kuingizia kimehesabu hadi 7, kimezunguka, kimerudi 0. Sasa vyote viwili ni 0 tena, lakini foleni imejaa. Saketi itajuaje? Suluhisho la kawaida ni kukipa kila kiashiria biti ya nne. Biti zote nne zikilingana, foleni ni tupu. Tatu za chini zikilingana na ya nne ikitofautiana, imejaa. Mwanagenzi huandika viashiria vya biti 3 na majaribio yake yote hupita, kwa kuwa hakuna jaribio lake lililowahi kuijaza foleni.

7. Kosa likigunduliwa baada ya chipu kutengenezwa, hutokea nini?

Hutegemea kama programu inaweza kulizunguka. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa Pentium ya Intel mwaka 1994: baadhi ya nafasi katika jedwali la kugawanyia ziliachwa bila thamani zake, na migawanyo michache ya namba za desimali ikatoa majibu yenye kosa dogo. Aliyeligundua alikuwa profesa wa hisabati, Thomas Nicely, akifanya hesabu za namba tasa. Intel ilikubali kubadilisha prosesa hizo na kutenga dola milioni 475. Mfano wa pili ni Spectre na Meltdown, kasoro za usalama zilizotangazwa Januari 2018. Hapo prosesa zilikuwa zikitoa majibu sahihi, lakini kazi ziliyoifanya kwa kukisia, kabla ya kujua kama itahitajika, iliacha alama kwenye kumbukumbu ya karibu, na mwizi aliweza kuzisoma alama hizo. Mifumo ya uendeshaji ilirekebishwa, na kompyuta nyingi zikapoteza sehemu ya kasi yake.

Nami nina wangu. Katika mwaka wangu wa nne nilipitisha foleni ya jamii ile ya swali la 6. Ilifanya kazi vizuri isipokuwa iliposafishwa, yaani ilipoondolewa vyote vilivyomo, katika pigo lilelile ambalo kitu kipya kilikuwa kinaingia, na majaribio niliyoyaandika yalikuwa yakiisafisha daima ikiwa imetulia. Kasoro ilionekana chipu ilipokwisha kurudi. Tuliokolewa na programu ya mfumo, ambayo iliweza kuelekezwa isubiri kidogo kabla ya kusafisha, lakini chipu ilitoka ikiwa na kasi pungufu ya ile tuliyoiahidi, na kasoro ikaingia katika orodha ambayo kila mnunuzi hupewa. Orodha hiyo haina majina ya watu. Mimi ninaujua mstari wangu, na tangu hapo sijaandika mpango wa uhakiki bila kuuliza ni matukio gani mawili yanayoweza kuangukia pigo moja.

## Njia ya kuingia

8. Nisome nini Lubumbashi?

Aliyemaliza sekondari katika Math-Physique ana msingi mzuri. Baada ya hapo, uhandisi wa umeme au elektroniki katika Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni njia inayofaa, na waliosoma informatiki mahali kama ESIS Salama wanaweza kuingia kupitia upande wa uhakiki, ambao unahitaji sana watu wanaoandika programu vizuri.

Usitegemee kwamba masomo pekee yatakufikisha. Mantiki ya dijitali, mpangilio wa kompyuta, lugha ya C na Linux ni vitu vya lazima. Zaidi ya hapo unahitaji kitu ulichokijenga mwenyewe (swali la 10).

9. Je, Kifaransa kinatosha?

Hapana. Maelezo yote ya prosesa, zana zote na mikutano mingi ni kwa Kiingereza, na nimeona vijana wenye akili kali wakikwama hapo. Anza na kusoma, kwa sababu kusoma ndiko kunakotangulia kazini: maelezo rasmi ya RISC-V yameandikwa kwa sentensi fupi na yanapatikana bure. Matamshi yatakuja baadaye. Kujadiliana na rafiki kwa Kiswahili kuhusu ulichokisoma kwa Kiingereza ni kipimo kizuri cha kama umekielewa. Usipoweza kukieleza kwa Kiswahili, rudi usome.

10. Sina vifaa. Ninaweza kuanza na kompyuta mpakato ya kawaida?

Ndiyo, na hili lingekuwa gumu sana nilipokuwa na umri wako. RISC-V ilianzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mtu yeyote anaruhusiwa kujenga prosesa inayoifuata bila kulipa leseni. Toleo lake la msingi la biti 32 lina maagizo takriban 40 na rejista 32 (nafasi za kushikia namba ndani ya prosesa), na mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuandika prosesa ndogo ya namna hiyo katika miezi michache ya jioni.

Zana zipo bure: Icarus Verilog na Verilator za kuiga saketi, GTKWave ya kutazama mawimbi, Yosys ya kugeuza maandishi kuwa milango ya mantiki. Zote huendeshwa kwenye Linux, kwenye kompyuta ya miaka kumi iliyopita. Mwaka 2020 Google na SkyWater, kampuni ya kutengeneza chipu, walifungua hadharani kanuni za utengenezaji wa nanomita 130, na mradi wa Tiny Tapeout hukusanya michoro midogo ya watu wengi katika chipu moja ili wagawane gharama. Kadi ya FPGA, ambayo saketi zake hupangwa upya kila unapotaka, ni nzuri ukiipata. Usingoje kuipata.

Ushauri wangu mmoja: ukishamaliza prosesa yako, tumia muda uleule kuihakiki. Niletee prosesa ndogo yenye mpango wa uhakiki na orodha ya makosa uliyoyagundua mwenyewe, nami nitaisoma kwa makini kuliko prosesa kubwa ambayo mwenyewe anasema haina kosa.

11. Huchukua miaka mingapi kuwa mwandamizi?

Kwa kawaida kati ya 7 na 10. Prosesa moja huchukua miaka 3 hadi 5 kutoka wazo hadi soko, na ni vigumu kuwa na busara kabla hujashuhudia angalau mbili zikirudi kutoka kiwandani.

## Kuifanya kazi hii ukiwa Lubumbashi

12. Inawezekana kweli, pamoja na umeme na intaneti yetu?

Inawezekana kwa mtu aliyekwisha kuaminiwa. Sikushauri uitafute kama kazi ya kwanza, kwa kuwa miaka ya mwanzo unahitaji kukaa karibu na mtu anayeweza kuvuta kiti na kutazama skrini yako.

Kinachonisaidia ni kwamba kazi nzito haifanyiki hapa. Uigaji huendeshwa kwenye seva zilizo mbali, na kompyuta yangu ni dirisha tu. Kikao changu ninakifungulia ndani ya tmux, programu inayokifanya kiendelee kuishi kwenye seva hata mawasiliano yakikatika. Nikirudi baada ya dakika 40 ninakuta herufi ya mwisho niliyoiandika. Nyumbani nina paneli za jua na betri zinazobeba kompyuta, ruta na taa moja usiku kucha, na nina laini za kampuni mbili tofauti za simu. Mchoro mkubwa wa mawimbi siupakui. Ninaukata huko huko kwenye seva na kuleta mapigo mia chache ninayoyahitaji.

Kuna vizuizi vya kisheria pia. Leseni za zana za kibiashara mara nyingi hutaja mahali zinapoweza kutumiwa, na baadhi ya teknolojia zinaangaliwa na sheria za Marekani za kupeleka teknolojia nje ya nchi. Uliza kabla ya kusaini mkataba, na upate jibu kwa maandishi.

13. Je, nitalazimika kufanya kazi usiku?

Inategemea timu iko wapi. Timu ikiwa Ufaransa, saa zetu ni sawa wakati wa majira yao ya joto, na majira ya baridi sisi tuko mbele kwa saa moja. India iko mbele yetu kwa saa tatu na nusu. Texas iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8, kwa hiyo mkutano wao wa asubuhi hutukuta kwenye bukari (ugali) ya jioni. Nilifanya hivyo kwa mwaka mmoja na watoto wangu hawakuupenda mwaka huo.

14. Mshahara ukoje?

Kwa mwandamizi ni mzuri kwa kipimo chochote cha mji huu, na hulipwa kwa dola au euro. Lakini ukiajiriwa kama mtoa huduma wa nje, kodi, bima ya afya na akiba ya uzeeni ni juu yako. Toa hesabu hizo kwanza, ndipo ulinganishe na mshahara wa mgodini.

## Maswali ya pembeni

15. Mimi ni mhandisi wa otomati mgodini. Je, nimechelewa?

Hujachelewa, na una kitu ambacho wanafunzi hawana. Mtu aliyeandika mantiki ya kuzuia mkanda wa mawe usiwashwe wakati fundi yuko ndani tayari anajua kwamba mambo mawili yanaweza kutokea kwa wakati mmoja na kwamba hali isiyotarajiwa lazima iwe na jibu lililoandikwa. Utahitaji kujifunza Verilog na usanifu wa kompyuta kuanzia chini, na pengine kukubali kurudi nyuma kicheo kwa miaka miwili. Nenda upande wa uhakiki.

16. Je, kobalti na shaba yetu imo ndani ya prosesa?

Imo, ingawa si kwa wingi ambao watu hudhani. Kobalti nyingi ya Katanga huenda kwenye betri. Ndani ya chipu, transista ni za silikoni, na nyaya zinazoziunganisha ni za shaba tangu IBM ilipotangaza mbinu hiyo mwaka 1997. Kabla ya hapo zilikuwa za alumini. Shaba huelekea kupenya na kuharibu silikoni, kwa hiyo hufunikwa na tabaka jembamba la tantali, ambayo hutoka katika koltani, madini ambayo ndugu zetu wa Kivu wanayafahamu. Katika chipu za kisasa kobalti pia hutumika kama utando wa nyaya ndogo kabisa.

Kuna jambo jingine linalonigusa kila ninapopita karibu na terili, ule mlima mweusi wa mabaki chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Ndani yake mna elementi ya jerimani (germanium). Transista ya kwanza duniani, iliyoundwa katika maabara ya Bell Labs, Marekani, Desemba 1947, ilikuwa ya jerimani, na hadi leo jerimani huchanganywa na silikoni katika baadhi ya transista. Watoto wa Lubumbashi wamekua wakiuona mlima huo kila siku, na inafaa waambiwe kilichomo.

17. Kwa nini basi tusijenge kiwanda cha chipu hapa?

Kiwanda cha kisasa hugharimu mabilioni ya dola, huhitaji umeme usiokatika hata kwa sekunde na maji safi kupita kiasi, na mashine zake muhimu kuliko zote hutengenezwa na kampuni moja, ASML ya Uholanzi. Kubuni ni tofauti. ARM ilikua kuwa kampuni kubwa bila kuwa na kiwanda, na prosesa yake ya kwanza, iliyofanya kazi mwaka 1985, ilibuniwa na timu ndogo sana ya Acorn, Sophie Wilson akibuni maagizo na Steve Furber akibuni saketi. Nguvu yetu tuielekeze huko.

18. Akili bandia haitaichukua kazi hii?

Inaandika Verilog ya kawaida vizuri, nami ninaitumia kila wiki. Iliponiandikia foleni mara ya mwisho, ilikumbuka biti ya nne. Haikuuliza kinachotokea foleni ikisafishwa wakati kitu kinaingia (swali la 7), na nilipoiuliza ilinipa majibu mawili yanayopingana, yote kwa uhakika. Kazi ya kuandika itapungua. Ya kutia sahihi bado inahitaji mtu.

19. Yaya, mkubwa wetu, ninaweza kukuletea kazi yangu uitazame?

Ndiyo. Lete mambo manne: maelezo ya ukurasa mmoja ya kile ulichokusudia saketi ifanye, maandishi yenyewe, amri moja ya kuendesha majaribio yote, na jaribio moja linaloanguka ambalo hujaelewa kwa nini. Tutaanza na hilo la mwisho.